Mnara wa Orlando wa mita 174: ungekuwa rekodi ya kweli, ama ngazi ya kuzunguka tu?

#1 MwanaKatuba (mwenye uzi)

Jambo wote. Nimeleta neno hili hapa kwa sababu kule WhatsApp tulishaanza kutukanana, na mtu anayetukanwa hapigi hesabu vizuri.

Mnaukumbuka ule mnara wa Orlando, Florida, Skyscraper, roller coaster ile (reli ya bustani za burudani, ya kupandishwa juu na kuporomoshwa)? Ulitangazwa 2014, usimame pale International Drive kwenye mradi walioupa jina Skyplex. Nguzo moja tu ndefu, futi 570, yaani mita 174, na reli imeizunguka kama maharage yanavyozunguka mti yaliopandiwa. Gari linapandishwa mpaka kileleni, halafu linashuka likizunguka na kupinduka, na mahali pamoja linateremka kwa digrii 123. Digrii 90 ni wima kabisa, kwa hiyo 123 ni reli inayorudi ndani chini yako. Waliobuni ni US Thrill Rides. Haukujengwa.

Wakati ule bingwa alikuwa Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, iliyofunguliwa 2005. Skyscraper ingempita kwa mita 35. Kwa mtu wa Lubumbashi sihitaji kueleza sana: toka nje, tazama sheminé ya Gécamines, ile dohani ya kampuni ya madini, halafu jione umekaa ukingoni mwake, miguu inaning'inia.

Msimamo wangu: ungejengwa, rekodi ni yake. Mita ni mita. Aliye na neno aseme, ila aje na hesabu.

#2 FundiKampemba

Hesabu umeitaka mwenyewe, usije ukalia.

Kitu kikianguka bila kuzuiwa, kasi yake chini unaipata hivi: chukua urefu wa anguko kwa mita, zidisha kwa 19.62, tafuta kipeo cha pili. Jibu ni mita kwa sekunde. Mita 174 inakupa kama 58, yaani km 210 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ambayo mnara wenye heshima zake ungekupa chini.

Sasa wenyewe walitangaza kasi gani? Maili 65 kwa saa. Km 105. Nusu!

Haya, geuza hesabu. Gari la km 105 kwa saa limeanguka mita ngapi? Mita 43. Basi. Hata kama umebebwa mpaka mita 174, anguko safi utakaloonja halizidi mita 43. Zilizobaki unateremshwa kwa breki, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayeshuka ngazi za jengo akipumzika kila gorofa.

Ndiyo maana niliita ngazi ya kuzunguka. Sikutukana mtu.

#3 BongoMpenziWaKasi

Wakuu, picha iko wapi? Uzi bila picha ni kama wali bila mchuzi.

#4 MwanaKatuba

@BongoMpenziWaKasi mkuu, picha zote za Skyscraper ni za kompyuta. Hakuna hata boliti moja ya kupiga picha.

@FundiKampemba mita 43 nimezipiga mara tatu kwenye simu, zinatoka vilevile. Imeniuma. Lakini kwenye rekodi ya URWEFU (samahani, UREFU, vidole vinatetemeka) hatuulizi kasi. Tunauliza reli imefika wapi juu. Km 240 kwa saa za Formula Rossa ya Abu Dhabi ilikuwa rekodi nyingine, na kule urefu hawana.

#5 YayaMado_Bruxelles

Wadogo zangu, nawasoma tangu asubuhi nikiwa kwenye treni. Katika uzi huu ni nani aliyewahi kupanda kitu cha mita 50? Msijibu kwa NoLimits. Najua mnajenga vya mita 300 kwenye ile programu, na abiria wenu wote ni wa plastiki.

Mimi nilipanda Kondaa, pale bustani ya Walibi, Wavre, Ubelgiji, tangu walipoifungua 2021. Mita 50, km 113 kwa saa. Wakati wa kupanda, unavutwa ukiwa umelala chali, huoni reli, unaona mawingu na kisogo cha mtu wa mbele. Mtu wa mbele yangu alikuwa na lebo ya shati imetoka nje. Niliisoma ile lebo mara ishirini. Pamba asilimia 60. Nilikuwa nimeshasahau jina la mama yangu lakini pamba asilimia 60 naikumbuka mpaka leo.

Kushuka? Sekunde chache, kelele, imekwisha. Kilichonitoa jasho ni KUPANDA, na kule juu treni inapopunguza mwendo kabla ya kuangushwa. Kwa hiyo Fundi, mnara unaokuweka mita 174 hewani, ukizunguka polepole, upepo unakupiga na unaona paa za magari chini, mimi siuiti ngazi. Naona hata Kingda Ka ilikuwa na huruma zaidi: ilikurusha na kukurudisha kabla hujajua umefika wapi.

#6 FundiKampemba

Yaya, shikamoo. Hofu sikatai. Lakini hofu haina mita. Hata kwenye ngazi ya kubadilishia taa mtu anaweza kuogopa.

Na usiionee Kingda Ka. Ilirushwa kutoka sifuri mpaka km 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, ikapanda wima, ikavuka kilele. Ili kuvuka mita 139 unahitaji kama km 188 chini, kwa hiyo ilikuwa na akiba ndogo tu. Upepo ukiwa mbaya, au grisi imeganda kwa baridi, treni ilikuwa inakaribia kilele, inachoka, inarudi kinyumenyume. Ndiyo maana kwenye njia ya kurushia kulikuwa na breki za sumaku zinazoinuka baada ya treni kupita, ziidake ikirudi.

Hiyo ni rekodi iliyolipiwa. Kila mita ya ule mnara ilinunuliwa kwa nguvu ya mashine.

#7 Kamalondo_Noir_et_Blanc

Nauliza kwa nia njema kabisa. Hiyo mashine ya kurusha, umeme ukikatika?

#8 MwanaKatuba

Nilikuwa nahesabu dakika mpaka mtu wa Lubumbashi aulize hilo 😂

#9 FundiKampemba

Swali zuri kuliko mnavyodhani. Zile breki hazitumii umeme kushika. Bapa la shaba au aluminiamu likipita katikati ya sumaku, mwendo wenyewe unazalisha mkondo ndani ya bapa, na mkondo huo unapingana na sumaku. Kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoshikwa. Hata mji mzima uwe giza. Umeme au hewa inahitajika kuziondoa njiani, siyo kuziweka.

Na kwa zile za mnyororo, ile klak-klak-klak unayosikia wakati wa kupanda ni meno ya chuma yanayodondokea kwenye ngazi ya pembeni ya reli. Mnyororo ukikatika, treni inakaa kwenye jino.

Kwa hiyo umeme ukienda hufi. Unabaki juu ukingoja. Na hapo ndipo mnara wa Orlando ulikuwa unanitisha kuliko kasi yake: gari likikwama mita 140, kwenye kona ya kuzunguka, kichwa chini, unamshushaje mama wa miaka 50? Kwenye Top Thrill Dragster ya Ohio, mita 128, ndani ya mnara kulikuwa na lifti ndogo ya mafundi. Ilishatokea treni ikasimama kileleni kabisa, haiendi mbele wala kurudi, fundi akapanda na lifti akaisukuma kwa mkono.

#10 BongoMpenziWaKasi

Akaisukuma KWA MKONO? 😳

#11 FundiKampemba

Kwa mkono. Ikiwa imesimama kwenye usawa, tani zake hazina kitu. Ni kama kusukuma gari lisilo na mafuta barabarani, tofauti ni mita 128 za hewa.

#12 MwanaWaGoma

Habari toka Goma. Ninyi wa Katanga mnahesabu upepo na umeme, mnasahau kwamba ardhi nayo inatembea. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, hapa ilitikisika siku baada ya siku. Vikombe vilikuwa vinaongea kabatini usiku kucha. Nikiwaza nguzo moja ya mita 174 katika hali ile, hamu yote inaniisha.

Wajapani walilijua hilo. Steel Dragon 2000 ya Nagashima, mita 97 tu, ilimeza chuma kingi kuliko wenzake wa kimo kile kwa sababu ya matetemeko, na gharama ikapita dola milioni 50. Florida haina matetemeko ila ina vimbunga. Nguzo moja si kama msitu wa nguzo wenye miguu mipana.

#13 Ruashi_Simulator

Jamani mnazungukazunguka. Kwa nini Skyscraper haikuachwa ianguke moja kwa moja, ipate zile km 210? Nimejaribu kwenye NoLimits. Tatizo ni CHINI. Ukifika chini na km 210 lazima ukunje reli kurudi kwenye usawa, na ukitaka abiria wasizidi 4.5G (yaani wasibanwe kwa zaidi ya mara 4.5 ya uzito wao), mkunjo huo unahitaji nusu kipenyo cha mita kama 100. Mnara mwembamba wenye mkunjo wa mita 100 si mnara tena, ni uwanja wa ndege. Na kisa chote cha ule mradi kilikuwa kukaa kwenye kiwanja kidogo, katikati ya mtaa wa watalii ambako ardhi ni ghali.

Kwa hiyo hawakuwa waoga. Walichagua: urefu kwenye kiwanja kidogo, kwa bei ya kasi. Huwezi kupata vyote.

#14 MwanaKatuba

Ruashi umeeleza vizuri kuliko mimi mwenye uzi. Basi tujenge hapa. Ardhi tunayo, na nguzo tayari ipo, moshi wake hautusumbui. Tuizungushie reli sheminé, stesheni tuiweke kwenye kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, rangi nyeusi na nyeupe za TP Mazembe ili watu wa mtaa wa Kamalondo wasigome.

#15 Kamalondo_Noir_et_Blanc

Tiketi ya kwanza yangu.

#16 FundiKampemba

Sheminé ilijengwa kubeba uzito wake na kutoa moshi. Gari likizunguka linaivuta pembeni, kila mzunguko, kila dakika, siku nzima. Chuma chenyewe kinachoka. 2023 kule Carowinds, Marekani, Fury 325 ya mita 99 ilipata ufa kwenye nguzo, na aliyeuona ni mtu aliyekuja kutembea tu, akaona nguzo imeachana juu kila treni ikipita, akachukua video. Mgeni! Kwa simu! Sasa ninyi mnataka kufunga reli kwenye sheminé ya zama za babu.

#17 MzeeWaKipushi

Batoto bangu, jambo. Mimi miaka yangu 71. Binti yangu ndiye ananisomea hii uzi yenu jioni, na yeye ndiye anaandika, kwa hiyo mukiona makosa ni yake. (Si yangu, ni yako baba.)

Mimi nilikuwa mtu wa winchi kule Kipushi. Winchi ya kushusha watu kwenye mgodi. Nimesikia munasema ile Kingda Ka ilikuwa inarushwa. Nikamwambia binti anionyeshe ndani yake. Akanionyesha: ngoma, kamba ya chuma, na kigari kidogo kinachoshika treni na kuivuta. Nikacheka. Hii ni winchi! Hii ni kazi yangu! Tofauti moja tu, mimi nilikuwa navuta watu polepole ili wafike wazima, wao wanavuta kwa haraka ili walie.

Sasa nawauliza, kamba ile nani alikuwa anaikagua? Sisi, asubuhi, kabla ya mtu kuingia kwenye kaji, kile kizimba cha kushukia, unaitembeza kamba polepole na unaishika na kitambaa cha pamba. Waya moja ikiwa imekatika, hata nyembamba kama unywele, inachomoa uzi wa kitambaa. Unasimamisha. Unahesabu. Jicho halioni ile waya, kitambaa kinaiona. Niliweka kovu hapa kwenye kidole gumba siku niliyojifanya mjuaji nikashika na mkono mtupu.

Na jambo la pili. Munagombana mita 139, mita 174. Shimo letu linashuka zaidi ya kilomita moja. Tulikuwa tunashuka nalo kila siku na hakuna aliyetuandika rekodi. Munahesabu kutoka wapi?

#18 YayaMado_Bruxelles

Papa, shikamoo. Umetuua.

#19 FundiKampemba

Shikamoo Mzee. Kwa kweli kamba ndiyo iliyowasumbua. Wiki chache tu baada ya kufunguliwa, Juni 2005, boliti ilikatika, kamba ya kurushia ikaharibika, Kingda Ka ikafungwa mpaka Agosti. Siku hizi wengi wameacha kamba. Red Force ya Hispania, mita 112, ya 2017, inasukumwa na mota za sumaku zilizopangwa kando ya reli. Hakuna ngoma wala waya wa kukatika. Hata Top Thrill Dragster ilipofanywa upya kuwa Top Thrill 2, 2024, walitoa winchi wakaweka sumaku.

#20 MzeeWaKipushi

Basi kitambaa changu kimepata pensheni kabla yangu. (Baba anacheka mwenyewe.)

#21 Ruashi_Simulator

Swali la Mzee msilipite haraka. "Munahesabu kutoka wapi?" Ndilo swali la uzi mzima.

Mwaka fulani nilipanda basi mpaka Johannesburg, nikaenda Gold Reef City. Ile bustani iko juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Kuna kitu kinaitwa Tower of Terror. Ukikitazama ukiwa nje unakidharau, mnara ni mita 34 tu. Kigari kinainuliwa na lifti, kinasukumwa ukingoni, kinainama taratibu mpaka unatazama chini, na chini hakuna ardhi. Kuna shimo. Shimo la kweli la mgodi. Unaanguka mita 47, na karibu 15 za mwisho ziko ndani ya ardhi. Kule chini kinapokunja kurudi juu, wanasema unabanwa kwa 6.3G. Mimi sikuhesabu G. Niliona mwanga umekuwa duara dogo jeupe, halafu miwani yangu ikaniacha. Sikuipata. Nilirudi Lubumbashi kwa siku tatu za basi bila kusoma kibao hata kimoja, mpakani Kasumbalesa nikasaini fomu ya mtu mwingine.

Sasa linganisheni. Mnara wa mita 34, anguko mita 47. Mnara wa Orlando wa mita 174, anguko mita 43 kwa hesabu ya Fundi. Nani mrefu?

#22 MwanaKatuba

...

Ngoja nikae chini.

#23 BongoMpenziWaKasi

Mwenye uzi kapigwa na shimo la Jo'burg 😂😂 mkuu pole

#24 MwanaKatuba

Nimerudi. Sijakimbia, nilikwenda kununua krediti.

Nakubali ANGUKO ni jambo moja na UREFU ni jambo lingine. Lakini mkichagua anguko pekee mtaingia matatani na ninyi. Falcon's Flight ya Qiddiya, Saudia, iliyotengenezwa na Intamin: wanatangaza mita 195, km 250 kwa saa, reli ya zaidi ya kilomita 4. Imejengwa kwenye jabali la Tuwaiq, inapanda ukingoni halafu inaporomoka kufuata jabali. Yaani sehemu ya zile mita ni za Mungu. Kingda Ka ilisimama kwenye tambarare, kila mita yake ilikuwa chuma cha binadamu. Mkisema jabali halihesabiki, basi na shimo la Jo'burg halihesabiki, na Ruashi miwani yake ilipotea bure.

#25 Ruashi_Simulator

Miwani yangu usiiguse.

#26 FundiKampemba

Hapo Katuba ana haki, inaniuma kusema. Ila jabali na shimo vina kitu ambacho nguzo ya Orlando haina: abiria anaanguka kweli. Mimi simnyimi mtu mita za Mungu kama anazipita kwa kasi yake. Ninayemnyima ni anayezipita kwa breki.

Na kuna mfano mwingine unaokuumiza zaidi. Superman ya Six Flags Magic Mountain, California, 1997. Mnara mita 126, ukawekwa kwenye vitabu. Treni ilikuwa inapanda, inachoka, inarudi, kileleni haikufika. Kwa kanuni yako ya "reli imefika wapi", mita ambazo hakuna makalio yaliyowahi kuzikalia nazo zinahesabiwa.

#27 YayaMado_Bruxelles

"Makalio yaliyowahi kuzikalia" ndiyo kipimo changu kuanzia leo. Na kwa kipimo hicho Skyscraper inashinda, maana abiria wangefika juu kabisa na kukaa huko. Asanteni sana, naenda kazini.

#28 MwanaWaGoma

Na kwa kipimo hichohicho haina hata mita moja, maana haikujengwa. Makalio sifuri.

#29 Kamalondo_Noir_et_Blanc

😭😭😭

#30 MwanaKatuba

Nimebadilisha jedwali langu. Lilikuwa na safu moja, urefu. Sasa zipo tatu: reli juu ya ardhi, anguko safi, na kama ilijengwa. Kingda Ka nimeiacha juu ya jedwali ingawa ilifungwa Novemba 2024 na kuangushwa kwa baruti tarehe 28 Februari 2025. Nimeiandika kwa wino wa kijivu. Ile video ya kuangushwa niliitazama saa tano usiku, mnara ukalala ubavu kama mtu aliyechoka, na mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Skyscraper nimeiweka chini: 174, 43, hapana.

Mzee, shimo lenu la Kipushi niliweke wapi?

#31 MzeeWaKipushi

Usiliweke. Sisi tulikuwa tunalipwa kushuka, hawa wanalipa. Ila huyo mtoto wa Ruashi, akirudi Johannesburg, aniwekee sauti. Nataka kusikia ile lifti yao inavyoshika breki kule juu kabla ya kuachia. Breki nzuri inasema neno moja tu. Ikisema mawili, ateremke.

#32 Ruashi_Simulator

Nitarekodi Mzee. Na safari hii miwani inabaki kwenye basi.